Shamba halijachoka, limejaa

Wadau, leo tuongee pamba. Huku Kishapu kuna kauli moja nimechoka kuisikia: "shamba limechoka." Pamba ikinyauka mwezi wa pili, shamba limechoka. Mwaka unaofuata ikinyauka zaidi, basi limechoka zaidi, mtu anahamishia jembe upande wa pili na maisha yanaendelea.

Hebu chukua mche ulionyauka ulipasue shina lake. Ukikuta michirizi ya kahawia ndani, huo ni mnyauko fuzari, ugonjwa wa fangasi anayeishi ardhini na kuziba njia za maji za mmea. Kanda ya Ziwa inaufahamu tangu miaka ya 1950. Mbolea haiutibu, na dawa tunazopulizia wadudu hazimfikii huyo fangasi (kwanza yuko chini ya ardhi!).

Tatizo letu tunauliza tu kama ugonjwa upo au haupo. Mimi nasema tuulize upo kiasi gani. Mwaka 1963 mtaalamu wa Afrika Kusini, Van der Plank, aliyagawa magonjwa ya mimea kwa hesabu ya riba. Yapo yanayozaliana mara nyingi ndani ya msimu mmoja, kama ule ugonjwa wa bakteria wa majani ya pamba: mvua ikipiga, matone yanarusha bakteria kutoka jani hadi jani, riba juu ya riba. Ukianza nao kidogo, msimu wa mvua nyingi unaweza kukujazia shamba zima.

Mnyauko fuzari una hesabu nyingine. Wingi wa vimelea vilivyokuwa ardhini siku unapanda ndio kwa sehemu kubwa unaoamua utapoteza miche mingapi. Kisha kila mche unaokufa unarudisha ardhini vimelea vingi kuliko vilivyouingia, navyo vinaweza kukaa humo miaka mingi hata bila pamba. Miche kumi ya mwaka huu ni akiba ya mwaka kesho... akiba mbaya.

Kwenye luseni, ule udongo wetu wa kichanga, hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya minyoo fundo wanaotoboa mizizi. Palipo na minyoo hao, vimelea vichache vinafanya kazi ya vingi. Ukiriguru wamezalisha mbegu zenye ukinzani kwa miaka mingi, lakini ukinzani nao una kikomo chake. Halafu baada ya biashara ya pamba kufunguliwa mwaka 1994, mbegu za maeneo mbalimbali zilichanganywa viwandani, na ule utaratibu wa kutenga kanda za mbegu ukavurugika. Hapo unategemea nini?

Sasa nije kwenye hoja yangu. Tuna amri ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo Septemba 15. Naiunga mkono, maana inakata mzunguko wa wadudu. Kwa mnyauko, Septemba ni kuchelewa. Mche uliokufa Februari umeshaozea shambani na mzigo wake umeshashuka ardhini. Bwana shamba anayekuja Septemba na vitisho vya faini angekuja Januari na kisu, awapasulie watu mashina, na miche iliyougua ing'olewe siku hiyohiyo, ichomwe palepale.

Najua nitaambiwa nini: mche una vitumba viwili vitatu, mkulima ana deni la mbegu na dawa, nani ataung'oa? Ni kweli. Ila vitumba viwili havilipi deni, na pale ulipo mche huo mwakani hataweka kitu. Halmashauri ingefikiria hata kuwapunguzia ushuru wanaong'oa mapema, badala ya kusubiri kuwatoza faini.

Mengine hayahitaji hela. Tuache kubeba mashina yaliyougua kwenda kufanyia kuni, tukimwaga udongo kwenye shamba la jirani njia nzima. Ng'ombe waanze kulima shamba zima, ndipo waende lenye ugonjwa, na plau ioshwe. Na wanaopumzisha luseni kwa choroko, angalieni: choroko nazo hushikwa na minyoo fundo. Karanga afadhali.