Chuma Si Bahasha

Umewahi kuona matatu ikivunjika vipande vipande hali imesimama? Mimi nimeiona, tena ilikuwa yangu mwenyewe. Niliiunda kwa waya na bati la mikebe, kwa kipimo cha moja kwa ishirini, niipeleke kwenye maonyesho ya sayansi. Kila kiungo nilikibandika kwa ile gundi ya haraka ya dukani. Mwamuzi alipoiinua tu, ekseli ikachomoka, paa likafuata. Watu wakaangua kicheko na safari yangu ikaishia hapo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jioni nilimpelekea fundi mmoja wa jua kali vile vipande. Alivitazama, akaniuliza, "Kijana wangu, mbona unabandika chuma kama bahasha?"

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmodja: waya na bati ni vya kulehemu. Gundi ile ikikauka huwa ngumu lakini haivumilii kugongwa. Isitoshe, waya mbili zikipishana hugusana mahali padogo mno, sasa gundi itashika wapi? Lehemu ya sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Basi lehemu hugeuka maji, ikapenya yenyewe katika mwanya na kushika, nao waya usiyeyuke.

Siri yake ni usafi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kisha utie dawa ya kulehemu. Pasha moto chuma chenyewe ndipo uguse kwa lehemu. Kiungo cha jirani kifunike kwa kitambaa kibichi kisije kikaachia. Ukimaliza, osha dawa iliyobaki, la sivyo italeta kutu.

Najua wapo watakaosema kwamba tutajiunguza, na kwamba risasi ni sumu. Ni kweli kabisa. Lakini maabarani tunashika asidi na moto, na hakuna aliyefunga maabara kwa sababu hiyo. Tufungue madirisha, tusile tukifanya kazi, tunawe mikono kwa sabuni. Tena iko lehemu isiyo na risasi, ingawa huhitaji joto zaidi. Wala sisemi gundi itupwe. Plastiki ni ya gundi, na alumini huikataa lehemu ya kawaida.

Linaloniuma ni hili. Darasani tunasoma kuyeyuka na kuganda, tunajibu maswali, tunapata alama. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kuunganisha waya mbili zikashikana? Fundi yule hakufika sekondari, lakini alinionyesha kiungo kimoja, akanipa chuma cha kulehemia, akaniambia, "Haya, vilivyobaki ni vyako." Nilijiunguza kidole mara moja tu. Sikurudia.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu watupe chuma kimoja cha kulehemia, meza moja, na Ijumaa moja kwa wiki baada ya masomo. Mikebe na waya tutaleta wenyewe. Na kama kuna anayedhani natia chumvi, matatu yangu nitaileta shuleni. Njoo uiinue, hata kwa paa.