Staa Alifuata Dau au Alifuata Kamera?

Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, wikiendi hii alikaa meza ya poka kwenye kasino moja hapa Dar. Wamebaki watu watatu, mezani kuna Sh500,000. Wa kwanza akaweka Sh500,000 nyingine. Zamu ikawa ya staa, na nyuma yake kuna jamaa bado hajacheza.

Mkononi ana kopa mbili ndogo, mezani zipo mbili. Akipata ya tano, mambo safi. Imebaki karata moja tu kufunguliwa. Simu zinamrekodi, washkaji wanapiga kelele "weka!" Akaweka. Ikaja shupaza. Hela kwishnei.

Sasa mtandaoni anasifiwa eti ana roho ngumu. Roho ngumu gani? Karata asizoziona ni 46, kopa zilizobaki 9. Yaani mara 5, anakosa kama 4 hivi. Na anatoa Sh500,000 kufukuzia milioni 1: akikosa mara 2 tu, anatakiwa apate ya 3 ndo hela irudi. Hapo jamaa wa nyuma hajapandisha dau, na huenda ana kopa kubwa kuliko zake.

Mbaya zaidi, hiyo ni hela ya shoo na madensa wake hawajalipwa mpaka leo.

Kutupa karata siyo uoga, wadau. Uoga ni kuwaogopa washkaji wakuone umetupa. Wewe ungefuata?