Goji haitibu saratani

Makala yenu kuhusu matunda ya goji imewapotosha wasomaji, tena kwenye jambo la hatari. Goji nyingi zinazouzwa duniani hazichumwi na watawa wa Himalaya, kama mlivyodai. Zinatoka China, hasa Ningxia, kando ya Mto Manjano, ambako wakulima huzichuma kwa mkono, moja moja, kisha wakazianika. Jasho lao ndilo lililostahili kutajwa.

Wachina wenyewe hutia kiganja kimoja tu kwenye supu ya kuku, uji wa mchele au chai. Na ni chakula kizuri: goji zina zeaksanthini, rangi ambayo jicho huihifadhi kwenye retina, na mwili huipokea vyema zaidi ikiliwa na mafuta. Supu ile ya kuku, basi, ina akili yake. Zilizokaushwa zina sukari nyingi pia; hilo mmelinyamazia.

Lakini kusema zinatibu saratani? Hakuna uthibitisho huo kwa binadamu. Kibaya zaidi, mmewahimiza wagonjwa wote wazitumie kila siku. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu akila goji. Madaktari wamekwisha kuripoti visa vya aina hiyo. Sahihisheni hilo toleo lijalo, kwa herufi kubwa kama zile za kichwa chenu cha habari.