Skrini shuleni: rimoti ashike nani?

Chukulia shule moja pale Rusimbi, Kigoma-Ujiji, imefunga runinga ukutani badala ya ubao wa matangazo. Siku ya kwanza watoto wanajazana. Wiki ya tatu, tangazo la kikao cha wazazi kilichokwisha pita bado linazunguka tu.

Kazi ndiyo hiyo. Matangazo yakiwa kwenye flashi, lazima mtu aichomoe, abadilishe, airudishe. Yakija kwa intaneti, bando linatakiwa. Umeme ukikatika na kurudi, runinga nyingi zinasubiri mtu na rimoti, na mwalimu ana vipindi.

Lakini tangazo kuchelewa ni kosa dogo. Kubwa ni kile kinachowekwa. Baadhi ya shule zimezoea kubandika majina na alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi ya ubaoni husomwa na aliye karibu. Skrini inayotazama barabara inasomwa na bodaboda na mama muuza dagaa, na picha inafika WhatsApp kabla ya kengele ya mapumziko.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Baraza la Mitihani nalo liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora Januari 2023.

Mzazi, kabla runinga haijanunuliwa, uliza kikaoni: nani anaidhinisha tangazo, nani analiondoa? Ratiba, tarehe za kufunga shule, tahadhari ya kipindupindu, hayo yawekwe. Alama za mtoto apewe mzazi wake mkononi.