Tusikatazwe maktaba ya SQL, tuulizwe imeandika nini

Kama jina lako la ukoo ni Ng'wandu, Nyang'oro au Ng'ang'a, unajua ninachotaka kusema kabla sijasema. Umeshajaza fomu ya mtandaoni, ukabonyeza kitufe, ukarudishiwa maneno mekundu yasiyoeleweka. Jamaa wa dirishani akakwambia, "Andika bila kile kialama." Ukaandika Ngwandu. Sasa cheti cha kidato cha nne kina jina moja, kitambulisho cha chuo kina jingine, na siku ya kufuatilia bumu unaanza upya kueleza wewe ni nani.

Kile kialama ni ritifaa, na si pambo. Ndicho kinachotenganisha ng'oa na ngoa. Bahati mbaya SQL nayo inakitumia, kufungua na kufunga maneno. Koda akichukua jina lililotoka kwenye fomu na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri yake, kanzidata inapokea hiki:

SELECT * FROM wanafunzi WHERE jina = 'Ng'wandu'

Kwa kanzidata, jina limeishia kwenye Ng. Hilo "wandu" lililobaki haijui ni la nini, inagoma. Na mtu mwenye nia mbaya hahitaji jina la Kisukuma. Ataandika ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha nywila, na mfumo uliojengwa kizembe utamfungulia, maana moja siku zote ni sawa na moja. Kwa hiyo ukiona mfumo unagombana na akina Ng'wandu, usicheke tu. Inawezekana kabisa mlango wa nyuma uko wazi.

Nimeanzia huko kwa sababu kwenye idara yetu kuna mjadala, na umeanza kunukia kama amri: kwamba miradi ya mwaka wa mwisho iandikwe kwa SQL ya mkono mtupu, na zile maktaba za kujengea amri za SQL zipigwe marufuku. Napinga. Ila napinga nikiwa na kosa langu mkononi, na nitalisema.

Kwa wasio wa kompyuta: maktaba hizi zinakuwezesha kuandika ombi lako kwa vipande ndani ya lugha unayotumia, halafu yenyewe ndiyo inaunda SQL. Wengi wetu tunatumia Laravel, fremuweki ya PHP aliyoitoa Taylor Otwell mwaka 2011. Unaandika hivi:

DB::table('wanafunzi')->where('jina', $jina)->get()

Kinachokwenda kwenye kanzidata ni amri yenye alama ya kuuliza pale jina lilipotakiwa kukaa, na jina lenyewe linapelekwa pembeni, kama thamani. Kanzidata haiwezi tena kulichanganya jina na amri. Ng'wandu anaingia na ritifaa yake. Yule wa ' OR '1'='1 anatafutwa kama mtu mwenye nywila ya ajabu, hapatikani, mchezo umekwisha. Unaweza kufanya hivyo hata kwa PHP tupu, ndiyo, lakini lazima ukumbuke kila mara, na mtu anayemalizia mradi saa tisa usiku hakumbuki. Maktaba haisahau.

Kuna na faida ndogo ndogo. Kwenye laptopu yangu natumia SQLite, kwenye seva tuna MySQL, na sehemu kubwa ya msimbo haibadiliki. Fomu ya kutafuta yenye visanduku vitano ambavyo mtu anaweza kuviacha wazi ni mateso matupu ukiunganisha maneno kwa mkono. Kwa maktaba unaongeza where pale tu kisanduku kinapojazwa.

Sasa kosa langu.

Mwaka jana nilijitolea kutengeneza daftari la wapiga kura wa uchaguzi wa wawakilishi wa hosteli. Nilitakiwa kutoa orodha ya waliosajiliwa tu, wanaokaa bloku A au B. Nikaandika, nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyepata A ya somo lenyewe:

->where('hali', 'amesajiliwa')->where('bloku', 'A')->orWhere('bloku', 'B')

Soma kwa sauti, inasikika sawa. Lakini katika SQL, AND inashika kwanza kabla ya OR, kwa hiyo nilichoomba kilikuwa: waliosajiliwa wa bloku A, au yeyote yule wa bloku B. Yeyote. Walioahirisha masomo, waliodisco, waliokwisha kuhitimu na kwenda zao, wote wakaingia almradi rekodi zao zilikuwa bado zinasema B. Siku moja kabla ya kupiga kura, wakala wa mgombea mmoja aliona jina la kaka aliyemaliza chuo mwaka uliopita. Mgombea wa upande wa pili anatoka bloku B. Unaweza kufikiria usiku ule ulivyokuwa. Niliitwa mbele ya kamati na kuulizwa nimelipwa na nani.

Dawa yake ilikuwa neno moja: whereIn('bloku', ['A', 'B']). Dakika mbili. Kuwaeleza watu wenye hasira kwamba yale majina hayakupandikizwa kulichukua mpaka saa saba usiku, na wapo ambao hadi leo hawajaamini. Siwalaumu.

Walimu wakisikia kisa hiki watasema, si unaona? Na wana haki ya kusema. Kosa lile lingewezekana hata kwa SQL ya mkono, lakini ningeandika AND na OR kwenye mstari mmoja, macho yangeziona, na pengine kidole kingetafuta mabano chenyewe. Maktaba ilizificha nyuma ya mishale. Dokta mmoja aliniambia wanafunzi wake wanatetea mradi mzima bila kuweza kuandika JOIN ya majedwali mawili, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Nakubali pia kwamba maktaba si hirizi. Kuna whereRaw, ambayo inapokea SQL unayoiandika mwenyewe, na ukibandika humo maneno ya mtumiaji umerudi palepale pa Ng'wandu. Jina la safu nalo haliwezi kupelekwa pembeni kama thamani, kwa hiyo ukimwachia mtumiaji achague orderBy bila kumwekea orodha ya safu zinazoruhusiwa, umetoboa tena. Na ukiita delete() ukasahau where, jedwali zima linaondoka bila kukuuliza kitu. Jamani, hilo la mwisho fanyeni nakala kwanza.

Lakini marufuku haitibu lolote kati ya hayo. Tunajua itakavyokuwa: watu wataandika SQL kwa kubandika maneno, kwa sababu ndivyo mafunzo ya zamani yanayozunguka kwenye flashi za hosteli yanavyoonyesha, na mradi utapita kwa sababu mtahini ataingiza jina "Juma". Wale wahitimu watakwenda kujenga mifumo ya halmashauri na zahanati kwa mtindo uleule. SQL yenyewe ilitoka IBM miaka ya 1970, kwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, kwa nia ya kumrahisishia kazi mtu anayeuliza. Kuifanya adhabu ya mwaka wa mwisho ni kichekesho.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwaka wa kwanza wa somo la kanzidata, SQL tupu, hakuna maktaba, na mtihani wa karatasi wa JOIN, GROUP BY na mabano. Mradi wa mwisho, tumia maktaba unayotaka. Ila siku ya kutetea, mtahini achague sehemu tatu za msimbo wako, uziite kwa toSql(), ile SQL itokee ukutani, na wewe uieleze neno kwa neno: kwa nini kuna alama ya kuuliza hapa, kwa nini mabano pale, nini kitatokea yakiondolewa. Asiyeweza, ale sapu. Halafu mtahini aandike Ng'ang'a kwenye fomu na kubonyeza kitufe.

Nimempelekea Dokta pendekezo hili. Amesema sehemu tatu ni chache, ziwe tano, na kwamba la marufuku bado hajabadili mawazo. Kwa upande wa chama, daftari la mwaka huu limeshatoka, na amri iliyolizalisha nimeibandika ubaoni pembeni mwa orodha, mstari mmoja wa SQL wenye maelezo kwa Kiswahili chini yake. Bloku B, njooni muikague kabla ya Ijumaa.