Kompyuta Ikizimika Ghafula, Asilaumiwe Mtoto

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya desturi moja iliyoingia katika chumba chetu cha kompyuta, nayo ni hii: mashine ikizimika ghafula, aliyeketi mbele yake ndiye mwenye makosa. Nasema desturi hii ni mbaya, tena nasema nikiwa mmoja wa walimu walioianzisha.

Muhula uliopita kompyuta namba 7, ile iliyo karibu na dirisha la kuelekea barabarani, ilizimika wakati kijana wa Kidato cha Tatu alipokuwa akipiga chapa kazi ya chama chao cha midahalo. Haikuonya wala haikuandika neno; kioo kiliingia giza na feni ikanyamaza. Nilimwuliza, "Umegusa nini?" Akajibu, "Mwalimu, sikugusa kitu." Sikumsadiki. Nilidhani amechomeka flashi yenye virusi, au ameupiga teke waya. Basi aliitwa mzazi wake, akaja mama yake, akatoa shilingi elfu arobaini za kumlipa fundi pasipo kuuliza swali hata moja. Na huyo fundi mwenyewe alikuwa hajaitwa bado!

Siku chache baadaye niliketi mimi mbele ya namba 7 kuandika mtihani. Baada ya dakika ishirini hivi ikazimika. Sikuwa na flashi, wala sikuwa nimepiga teke kitu. Niliiwasha papo hapo, ikakaa dakika tano ikazimika. Mara ya tatu haikufika hata dakika mbili. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi baada ya saa nzima iliwaka vizuri, ikafanya kazi dakika ishirini kama hapo kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kutumia akili niliyopaswa kuitumia siku ile ya kijana.

Maana mashine inayodumu ikiwa baridi, na kuzimika upesi zaidi kila inapowashwa ingali moto, yatupa habari ya joto. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hukaa kipande cha aluminiamu chenye mapezi membamba, na juu ya mapezi hayo hukaa feni ya kuyapuliza. Prosesa nyingi zimewekewa mpaka wa joto ulio karibu na nyuzi 100 za sentigredi. Joto likikaribia mpaka huo, prosesa kwanza hupunguza mwendo wake, na ndiyo sababu mtu huona mashine imekuwa nzito. Likizidi kupanda, mashine hujizima kabla haijaungua. Kwa hiyo namba 7 haikuwa imeharibiwa na mtu. Ilikuwa ikijiokoa, nasi tukamtoza mama wa watu fedha kwa sababu hiyo.

Tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliosalia ndani upungue, kisha tukafungua ubavu wa kasha. Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limejaa katikati ya mapezi likashikana kama kipande cha blanketi. Tulilitoa kwa brashi mpya ya kupakia rangi, huku tukiishika feni kwa kidole isizunguke. Kazi nzima haikuzidi robo saa, na tangu siku hiyo namba 7 hushinda ikiwaka.

Wengine watasema, basi kila kompyuta inayozimika ina vumbi. La. Namba 3 nayo ilikuwa ikizimika, lakini kwa namna nyingine kabisa: hata asubuhi ikiwa baridi, ilizimika na kujiwasha tena yenyewe, mara nyingine mara tatu kwa siku, na mara nyingine siku mbili zikapita salama. Aliyegundua sababu yake ni msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye aliona kuwa huzimika pale printa ya leza inapoanza kuchapa. Printa ya namna hiyo ina sehemu ya kupasha moto karatasi, nayo huvuta umeme mwingi kwa ghafula. Tena printa na namba 3 zilichomekwa katika ekstensheni moja, pamoja na birika letu la walimu (nalo nalitaja kwa aibu). Tulipoihamishia printa katika soketi yake ya ukutani, namba 3 ikatulia.

Laiti tungalikuwa na daftari karibu na kila mashine, likaandikwa saa iliyozimika, imekaa dakika ngapi, iliwaka tena mara moja au baada ya kupoa, na kama mashine za jirani nazo zilizimika, tungalijua mambo haya yote bila fundi. Kompyuta zenye Windows hujiandikia kumbukumbu zao, lakini katika jambo hili zasema machache: utakuta tukio namba 41, maana yake mashine ilizimika bila kuagwa. Kwa nini, haisemi. Na hao virusi tunaowasingizia kila siku, wapo kweli, lakini kuizima mashine kama taa iliyopulizwa si desturi yao. Hata kumbukumbu mbovu, ile RAM, aghalabu hugandisha kazi au huleta kioo cha buluu chenye maandishi, nayo ni dalili tofauti.

Wenzangu wengine katika ofisi ya walimu hawakubaliani nami. Husema hii ni mali ya serikali, na kwamba tukiwazoeza wanafunzi kufungua makasha, wiki ijayo RAM zitakuwa sokoni. Sidharau neno hilo, kwani RAM ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Lakini mbona katika maabara ya kemia twawapa asidi mikononi? Mwalimu husimama pale, vitu huhesabiwa kabla na baada. Na tufanye vivyo hivyo hapa: mara moja kila muhula, makasha yafunguliwe mchana mbele ya darasa, vipande vihesabiwe, vumbi litolewe, kasha lifungwe.

Ila kuna kisanduku kimoja ambacho mwanafunzi asikifungue kamwe, wala mimi sikifungui: pawa saplai, kile cha bati ambacho waya wa ukutani huingia. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, nazo zaweza kuua. Kikiwa kibovu, nacho ni sababu ya kweli ya mashine nyingi kuzimika, hubadilishwa kizima. Kadhalika vile vya zamani vina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Atakayeisogeza kwenye 115 kwa mchezo ataunguza kisanduku mara moja, na huyo kweli nitamwita mzazi wake.

Kwenu wazazi: mkiitwa kulipia mashine iliyozimika, ombeni kwa adabu kuonyeshwa sehemu iliyoharibika. Mwalimu asiyeweza kuionyesha hajaijua bado.

Fedha za mama yule zimerudishwa. Nilimkabidhi mwanawe mbele ya darasa lile lile nililomgombezea, nikamwomba radhi. Alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja, akaniuliza namba 11 tutaifungua lini, kwa maana nayo imeanza kuwa nzito.