Nani Atamsindikiza?

Jioni moja nilipanga foleni kwenye duka la dawa, mbele yangu mama aliyejitanda khanga. Aliinamia dirishani akaomba dawa ya usingizi. Muuzaji akamuuliza, "Hulali tangu lini, mama?" Akajibu, "Tangu msiba." Msiba wenyewe ulikuwa na miaka miwili. Akafungiwa vidonge kwenye kikaratasi, akaondoka.

Husemwa kwamba watu wetu hawatafuti tiba ya akili. Wanaitafuta sana. Anayesema "nina mawazo" atasomewa dua, ataombewa kanisani, atakwenda kwa mganga, atamlilia shangazi. Mara nyingi hupata nafuu ya kweli, kwa kuwa amesikilizwa. Shida huanza nafuu inapogoma: shehe hamjui mnasihi, mganga hamjui nesi, na mgonjwa anarudi nyumbani peke yake.

Zimbabwe walijifunza hili kwa uchungu. Mgonjwa wa daktari Dixon Chibanda alijiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaani. Walifundishwa tiba ya mazungumzo, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi hatumii jina la ugonjwa la kitabuni. Huzungumzia kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ndugu wa "mawazo" yetu. Kisha huchagua pamoja na mgonjwa tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na hali ikimzidi bibi, humkabidhi mgonjwa kwa wataalamu.

Kukabidhiana huko ndiko tunakokukosa. Mazungumzo hayatibu kila kitu. Anayetaka kujitoa uhai anahitaji daktari, na leo hii. Lakini atafikaje hospitali ya akili ya Mirembe au Mathari, majina tuliyoyageuza matusi, bila mtu anayemwamini kwenda naye?

Katika toleo hili tumewauliza mnasihi, imamu, mchungaji na nesi swali moja: ukishindwa, unampeleka wapi? Yasome majibu yao, kisha ujiulize nawe. Mimi hujiuliza kila nikipita duka lile. Jioni ile nilikuwa na nafasi ya kutembea na mama yule hadi kituoni, nikanunua dawa yangu ya kikohozi, nikaenda zangu.